Spiriti ya Kitanda cha Mwanaesha

Mtaani Kibokoni walimwita Athmani Panya, naye hakukasirika. Mji wa Kale kila mtu ana jina lake la pili, na la kwake angalau lilikuwa la kweli. Wapo waliomwita hivyo kwa mzaha, wapo waliomwita kwa kinyaa, na walikuwepo akina mama wenye vyakula vya kuuza ambao wakimwona anakuja walifunika sahani zao kwa kawa mpaka apite. Athmani aliwasalimu wote salamu kamili, akawauliza hali zao na za watu wao, kisha akashika njia ya Shimanzi kwenda kazini, kanzu yake nyeupe kuliko ya maimamu kadhaa ninaowajua.

Kazi yake ilikuwa kutunza panya. Si hawa wetu wa gatini wanaomtazama paka kwa dharau, bali panya weupe wenye macho mekundu, walioletwa kutoka ng'ambo ndani ya masanduku yenye matundu na kuwekwa katika chumba cha nyuma cha ghala moja la vanishi. Vanishi za ghala hilo zilipakwa samani na masanduku ya kusafirishia bidhaa, na zilichanganywa na kimiminiko kipya ambacho wafanyakazi walikiita spiriti mpya. Hakikuwa na rangi. Kilinukia utamu mwepesi, na vanishi iliyochanganywa nacho ilikauka ikang'aa kama kioo.

Huo ulikuwa mwaka wa sitini na tatu, na wenye viwanda walikuwa na hofu. Huko Ulaya wanawake wajawazito walikuwa wamemeza vidonge vya usingizi, wakazaa watoto wasio na mikono. Wanunuzi ambao miaka yote hawakuuliza kitu wakaanza kuuliza: na hii yenu, mmeipima? Basi kampuni ikamwajiri Daktari Fonseka, Mgoa aliyezaliwa papa hapa kisiwani, mtu wa miwani minene na maneno machache, ikampa chumba, ikampa panya, ikampa na Athmani.

Athmani alichaguliwa kwa sababu hakuwa na papara. Panya akishikwa na mtu mwenye wasiwasi humng'ata, na humo ghalani walikwisha kung'atwa watatu. Jioni yeye alimtia dume katika sanduku la jike. Asubuhi alimkagua jike aone kama amepandwa. Waliopandwa daktari aliwagawa mafungu. Fungu moja liliwekwa katika sanduku la kioo lililopulizwa hewa tupu, fungu jingine hewa yenye mvuke kidogo wa spiriti, na la mwisho mvuke mwingi. Siku za kuzaa zikikaribia, daktari aliwalaza usingizi usio na kuamka, akawapasua, akatazama watoto wakiwa bado tumboni.

Mwanzo jambo hilo lilimkera sana Athmani. Alikwenda kumwuliza mwalimu wake wa madrasa kama ni halali kumwua kiumbe mwenye mimba kwa ajili ya vanishi. Mwalimu akamjibu kwamba ikiwa nia ni kuwakinga watoto wa watu, hakuna ubaya. Athmani alirudi nyumbani kifua mbele. Tangu siku hiyo mtu akimtania kuhusu panya, alijibu kwa utaratibu, "Mimi nalinda watoto wenu, ndugu yangu," na watu wakacheka zaidi.

Mtoto wake mwenyewe alikuwa mmoja tu, Mwanaesha. Alikuwa ameolewa na Gharib, seremala kijana mpole, na kama ilivyo desturi yetu, bwana harusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Athmani aliwapa chumba cha juu na kitanda cha miguu ya kuchonga, kilichosukwa kamba na fundi anayejua kazi yake. Miaka miwili ikapita na chumba cha juu kikabaki na watu walewale wawili. Mwanaesha akienda harusini, akina mama walimtazama tumbo kabla ya kumtazama uso. Alipikiwa dawa, akasomewa visomo, akavalishwa hirizi; akacheka mbele za watu na kulia peke yake. Athmani aliyajua hayo kwa kusikia nyayo tu, kwa maana baba hamwulizi binti yake mambo hayo, wala binti hamwambii babake. Kila sala aliomba jambo hilohilo, mjukuu, na hakuwa na la pili la kuomba.

Kisha wakaingia kunguni.

Aliyewahi kuishi na kunguni hahitaji kuelezwa. Waliingia kitandani kwa Mwanaesha wakajaa katika kila fundo la kamba na kila kiungo cha mguu. Kitanda kikaanikwa juani, kikamwagiwa maji ya moto, kikapakwa mafuta ya taa, wapi! Usiku walirudi na njaa mpya. Mwanaesha alijikuna mikono mpaka ikatoka damu, na macho yakamvimba kwa kukosa usingizi. Athmani aliposimulia taabu hiyo kazini, Tsuma, Mrabai aliyekuwa mshika stoo na mkazi wa nyumba za baraza la mji kule Buxton, akacheka.

"Mzee Athmani, unahangaika na dawa nawe umekaa juu yake? Mimi kitanda changu nilikipaka spiriti hii hii. Kunguni wote chali." Akamkingia kopo kutoka kwenye pipa.

Kitanda kikashushwa uani. Athmani mwenyewe, kwa unyoya wa kuku, alizipaka kamba moja moja, akachovya na kupaka viungo vyote, na kunguni wakaanguka kama makapi ya mchele. Uani pote pakanukia ule utamu. Siku iliyofuata Mwanaesha aliteremka ngazi na uso uliotulia, akambusu babake mkono.

"Baba, nimelala!" alisema. "Wallahi nimelala mpaka nikasahau nilipo."

Athmani alifurahi siku nzima. Kopo akampa Gharib aliweke chini ya ngazi.

Matokeo ya kwanza ya panya yalikuja wakati mji unajipamba kwa uhuru, bendera mpya kila dirisha. Daktari Fonseka alimpasua panya wa mvuke mwingi. Akampasua wa pili, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. Akamwita Athmani asogee.

Kilichomshangaza Athmani kwanza ni wale mama. Walikuwa wazima. Yeye ndiye aliyewalisha, alijua: walikula vizuri, manyoya yaling'aa, hakuna hata mmoja aliyekohoa. Ndani yao ndimo palipokuwa pameharibika. Watoto wengine walikwisha kuyeyuka, limebaki doa jeusi mahali pa mtoto. Wengine walikuwapo lakini mbavu zimeshikana na kifua kimebanwa kikawa chembamba kama kilichofungwa uzi, na vidole vya miguu ya mbele vimepungua. Wale wa mvuke kidogo hawakuwa hivyo wote, lakini walikuwepo.

"Na majike wasiopandwa?" Athmani aliuliza. "Wale tuliowatia mvuke bila mimba?"

"Hao hawana kitu, nimewatazama," alisema daktari. "Anayedhurika ni mtoto. Sasa nisikilize, Athmani. Jambo hili lisitoke humu. Bado sina hakika, nitarudia upya kazi yote. Nikisema kabla sijawa na hakika, watasema Fonseka ametia watu hofu, na hawatanisikiliza tena hata nikiwa na ushahidi."

Athmani aliitikia kwa kichwa. Alirudi nyumbani kwa miguu. Hakula. Alilitoa kopo chini ya ngazi akalificha katika stoo yake nyuma ya gunia la makaa, halafu akamtafuta mkewe, Mwanakuu, akamkuta anachambua mchele.

Hapa inafaa nieleze kitu kwa wasiokuwa wa kwetu. Mimba changa kwetu haisemwi. Haisemwi kwa jirani, haisemwi kwa shoga, na mwanamke mwenye hofu kubwa haisemi hata kwa mumewe mpaka ikae vizuri. Jicho la watu ni baya, na kadiri mtu alivyongoja ndivyo anavyoficha. Ukimwuliza mama yake, atakuapia kwamba hakuna kitu, na hapo hahesabu kwamba amesema uongo, amemkinga mwanawe. Athmani aliijua desturi hiyo tangu alipokuwa mdogo. Ila siku ile aliisahau, au tuseme alitaka kuisahau, maana jibu alilopewa lilikuwa ndilo alilolitaka.

"Mwanao hajambo?" aliuliza.

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Hana... hana habari yoyote?"

Mkono wa Mwanakuu ulisimama juu ya ungo kidogo, ukaendelea. "Habari gani?"

"Habari za kike."

"Hana kitu. Yuwangojea rehema ya Mola kama siye sote. Na weye tangu lini wauliza mambo yasowahusu wanaume?"

Athmani akaona haya, akaomba radhi. Hakusema kwa nini ameuliza. Angesemaje? Daktari amemfunga mdomo, na kopo lenyewe lilitoka kwenye stoo ya watu bila ruhusa. Alikwenda msikitini akasali kwa utulivu. Hana kitu. Aliyataja maneno hayo moyoni kama mtu aliyesamehewa.

Lakini Mwanaesha alikuwa nacho. Siku chache tu kabla ya pale alikuwa amemnong'oneza mamake kwamba mwezi umempita, na Mwanakuu alimkamata mikono yote miwili akamwapisha asimwambie mtu, hata Gharib.

Mwezi wa Shaabani ukafika ukingoni. Barazani wanaume walizungumza habari za mapinduzi ya Unguja tu, kila mmoja na ndugu yake wa kumtafuta. Ndani wanawake walifua mapazia na kusugua masufuria kwa ajili ya mfungo. Kunguni nao walikuwa wamerudi. Gharib akamjia mkwewe, akakaa upande kwa adabu.

"Mzee, samahani. Lile kopo silioni chini ya ngazi. Nataka tukipake kitanda kabla ya mfungo, Mwanaesha halali."

Na hapa ndipo ninapomlaumu Athmani, ingawa nampenda. Alikuwa mtu wa kufikiri, akafikiri vizuri kabisa, hatua kwa hatua, mpaka akafika mahali pabaya. Majike wasiopandwa hawana kitu. Mwanaesha hana kitu. Basi hakuna wa kudhurika. Akishika mimba, inshallah, kopo litatupwa siku hiyohiyo. Akamwona binti yake kwa mawazo, anajikuna mpaka damu inatoka, mfungo mzima bila usingizi. Akaingia stoo, akalitoa kopo nyuma ya makaa, akampa Gharib kwa mkono wake wa kulia.

Gharib alikipaka kitanda vizuri kama seremala apakavyo, mara mbili, na Mwanaesha akalala.

Idi ikapita. Mwanakuu alingoja mpaka mtoto akacheza tumboni, ndipo akampelekea mumewe kahawa uani, akakaa karibu naye huku uso wake unacheka kabla hajasema.

"Nikupe bishara, babake Mwanaesha. Mwanao mja mzito."

Kikombe kilimtoka Athmani mkononi. Mwanakuu akacheka, akadhani ni furaha.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Ah, tangu kabla ya mfungo. Siku ile weye waniuliza, alikuwa tayari. N'likuficha, unisamehe. Nawe ulivyouliza, kama ulieoteshwa!"

Athmani alisema alhamdulillahi, kwa sababu lazima mtu aseme. Wiki hiyohiyo alinunua kitanda kingine, cha chuma, akasema kile cha zamani kimeliwa na mchwa, akakivunja kwa shoka na kukizika kwenye jaa mbali na nyumba. Gharib alitaka kusema kwamba mbao zile hazikuwa na mchwa hata chembe, lakini akamwona mkwewe uso, akaacha.

Kazini alimngoja Daktari Fonseka mpaka wakabaki wawili.

"Daktari, nakuuliza. Panya akivuta mvuke siku za mwanzo tu, halafu akatolewa nje, akala hewa safi mpaka mwisho. Huyo atapona?"

"Siku za mwanzo ndizo mbaya zaidi," daktari alisema bila kuinua kichwa. "Ndipo mwili wa mtoto unapojengwa. Baadaye anakua tu." Halafu akainua kichwa. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Nadhani daktari alielewa zaidi ya alivyoonyesha. "Panya si mtu, Athmani," alisema. "Kuna kitu kinamdhuru panya na mtu hakimgusi. Na kuna kinachomgusa mtu na panya hana habari. Hakuna anayejua mpaka iwe imetokea."

Athmani aliondoka na ile nusu ya kwanza ya maneno, akaishikilia. Kila asubuhi alijisomea: panya si mtu, panya si mtu. Juu, Mwanaesha alizidi kunawiri. Alikula kwa hamu, ngozi ikang'aa, nywele zikamjaa, na aliimba akipanda ngazi. Watu wote wa nyumba walifurahi kumtazama, isipokuwa babake, ambaye alikwisha kuwaona mama wengi wanaong'aa namna ile.

Ng'ambo ya kichochoro aliishi Bi Mahfudha, mjane aliyepika vitumbua na shoga wa Mwanakuu tangu utoto wao. Siku ya maulidi, mbele ya wanawake tele, Bi Mahfudha alimshika Mwanaesha tumbo akapaza sauti kwa furaha yake yote: "Hebu mtazameni! Tumbo kama hili sijaliona mtaani!" Wengine wanasema alimalizia mashallah, wengine wanasema hakumalizia. Mwanakuu hakuisikia. Alimvuta binti yake kando, na tangu hapo akawa anafukiza chumba cha juu kila Ijumaa.

Mtoto alizaliwa hospitali ya wazazi wakati wa upepo wa kusi, wa kike. Mkunga alimpokea, akamfunga nguo haraka. Mwanaesha alilala akiuliza, "Mbona halii? Nipeni," na hakuna aliyempa. Walimpa babu yake aliyekuwa nje, amwadhinie.

Athmani alimpokea mjukuu wake, akamsogezea midomo sikioni, akaadhini. Mtoto alikuwa hai. Alikuwa na nywele nyingi na kipaji cha uso cha Gharib, na alipumua kwa juujuu kama anayepanda ngazi ndefu. Nguo ilikuwa imelegea. Athmani akaona kifua, kilivyobanwa kikawa chembamba. Akaona mkono wa kushoto wenye vidole viwili. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Aliimaliza adhana kwa sauti ileile, bila kukosea neno, akaikaza nguo mtoto asipate baridi.

Walimwita Rehema. Hakufika jioni. Athmani alimbeba mwenyewe mikononi mpaka kaburini, maana mtoto wa namna ile hahitaji jeneza, na Gharib alitembea kando yake akilia waziwazi mbele za wanaume bila kujali.

Matanga hayajapoa, mtaa ukapata jibu lake. Ni jicho la Mahfudha. Wanawake waliokuwepo siku ya maulidi walisimulia upya, na kila aliyesimulia alipunguza ile mashallah mpaka ikaisha kabisa. Bi Mahfudha alikuja kuhani msiba na sahani ya mkate wa mayai. Mwanakuu aliipokea mlangoni, akaifunika, akamrudishia bila kuonja na bila kumkaribisha. Mwanamke yule alisimama kichochoroni na sahani yake kwa muda, halafu akaingia kwake. Vitumbua vyake vikakosa mnunuzi. Wapita njia walivuka upande wa pili, na wenye watoto wachanga waliwafunika wakipita mlangoni pake, vilevile walivyokuwa wakimfunikia Athmani sahani.

Kule Shimanzi, Daktari Fonseka alikuwa ameirudia kazi yake na kupata yaleyale. Alipeleka maelezo ng'ambo. Wakubwa wakashukuru, wakasema panya wa Mombasa huenda wameathiriwa na joto, wakaamuru chumba kifungwe. Athmani aliwashika panya wote kwa zamu, mmoja mmoja, daktari akawalaza. Mapipa ya spiriti mpya yaliendelea kupakiwa. Athmani alimwonya Tsuma, na Tsuma akajibu kwamba mkewe amekwisha kukoma kuzaa zamani, kwa hiyo hakuna neno. Athmani akapelekwa kubeba magunia ghalani, naye akaona ni haki yake.

Lakini yaliyompata Bi Mahfudha hayakuwa haki yake. Hilo ndilo lililomnyima Athmani usingizi. Akamwambia mkewe yote: panya, kopo, swali lake siku ile, Gharib, mkono wake wa kulia. Mwanakuu alisikiliza mpaka mwisho. Aliupeleka mkono mdomoni akauacha hapo.

"Nami n'likwambia hana kitu," alisema baadaye, polepole. "Miye. Kwa ulimi wangu."

"Hukujua."

"Na weye hukusema." Kisha akasema kwa ukali wa kuogopa, "Basi yaishe hapa. Mwana kishazikwa. Wataka kumwambia Mwanaesha ili apate nini? Akutazame weye na miye namna gani?"

"Na Mahfudha?"

"Mahfudha Mungu atamlipa."

Athmani alinyanyuka. Alipanda ngazi za chumba cha juu, ambazo hakuwa amezipanda tangu binti yake aolewe, akabisha hodi. Mwanaesha alikuwa bado ndani ya arubaini yake, hatoki nje, amekaa mkekani amejifunika leso. Matiti yalikuwa yamefungwa kitambaa ili maziwa yakauke. Alishtuka kumwona babake mlangoni, akajitanda vizuri.

"Karibu, baba. Kuna nini?"

Alikaa mkekani mbali kidogo naye, akamweleza. Hakujipamba wala hakumficha mtu nyuma yake. Alimwambia spiriti ilikuwa na ubaya gani, na kwamba alikwisha kuujua siku alipompa Gharib kopo kwa mara ya pili. Alimwambia alimwuliza mamake akaambiwa hana kitu, akaridhika. Alimwambia Bi Mahfudha hana kosa. Akamaliza, akangoja kulaaniwa.

Mwanaesha hakulia. Alikuwa akiukunja na kuukunjua upindo wa leso.

"Ulimwuliza mama," alisema.

"Naam."

"Miye nami n'likuwa hapa juu. Ngazi hizi tu, baba. Ungeniuliza miye ningekwambia. Hayo mambo ya kijicho ni ya mama, miye sikuyataka. N'likuwa na furaha hata kifua chaniuma, na kila siku nawasikia mwapita huko chini, natafuta mtu wa kumwambia."

Mwanaesha alisimama, akachukua buibui lake msumarini, akalivaa juu ya nguo za uzazi. Alishuka ngazi ameshikilia ukuta, akampita mamake uani bila kumtazama, akafungua mlango wa mbele, akavuka kichochoro mchana kweupe mbele ya watu wote, akabisha kwa Bi Mahfudha. Juu, Athmani alimsikia mkewe anamwita kwa woga, anamwuliza mwana yuwenda wapi na arubaini haijesha. Aliendelea kukaa palepale mkekani, na mkewe akaendelea kuita.